Vizimba vidogo vinavyoharakisha kemikali ndani ya maji

Tafuna tonge la ugali taratibu, usilimeze haraka. Baada ya muda utasikia utamu mdomoni. Hakuna aliyeongeza sukari. Ndani ya mate yetu kuna kimeng'enya kinachovunja wanga wa ugali kuwa sukari.

Kimeng'enya hufanya kazi hiyo ndani ya maji, bila moto na kwa kasi kubwa. Siri yake moja ni umbo. Kina mfuko mdogo ambamo molekuli, yaani chembe ndogo sana ya kitu, huingia, hushikwa na kubadilishwa. Je, binadamu anaweza kutengeneza mfuko wa aina hiyo? Hapa tunaeleza wanakemia walikofika.

Kizimba kinachojijenga

Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, watafiti wakiwemo Kenneth Raymond na Robert Bergman walitengeneza kizimba chenye pembe nne. Kila pembe ina ioni moja ya metali ya galiamu, na molekuli sita zinaziunganisha pembe hizo kama fito za banda. Vipande hivyo vikichanganywa inavyotakiwa, vinajipanga vyenyewe.

Kwa nini molekuli nyingine ikubali kuingia humo? Tazama mafuta yanavyojikusanya juu ya mchuzi. Vitu vya asili ya mafuta huyakimbia maji, na ndani ya kizimba hupata maficho. Humo molekuli hubanwa na kukunjwa, ikawa tayari kubadilika.

Mwaka 2010 kundi hilo lilieleza kuwa badiliko moja la kikemikali lilikwenda kasi zaidi ya mara milioni 2 ndani ya kizimba. Ni kama kazi ya siku 23 kumalizika kwa sekunde moja.

Mgeni asiyetaka kutoka

Lakini palikuwa na tatizo. Kitu kilichotengenezwa kilikaa vizuri mno ndani, kikaziba nafasi ya kinachofuata. Ilibidi watafiti waongeze kemikali nyingine ya kukinasa na kukibadilisha ili kisirudi ndani.

Mwaka 2016 kundi la Michael Ward, lililokuwa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, lilionyesha njia nyingine. Kizimba chao ni mchemraba wenye ioni za kobalti kwenye pembe zake nane. Kina chaji chanya, hivyo huvuta ioni za haidroksidi, zilezile zinazoifanya kostiki ya kutengenezea sabuni kuwa kali. Ioni hizo huizunguka molekuli iliyo ndani na kuishambulia. Kasi iliongezeka mara 200,000 hivi.

Na kinachozalishwa hupata chaji hasi, hupenda maji, na hutoka chenyewe. Kizimba hupokea kingine. Kilirudia kazi angalau mara 100 bila kuchoka.

Inatuhusu nini?

Viwanda vingi vya kemikali na dawa hutumia vimiminika vinavyoshika moto kwa urahisi na kudhuru afya. Kazi hiyo ikiweza kufanyika ndani ya maji, hatari hupungua kwa wafanyakazi na kwa wanaoishi jirani.

Jambo la pili linamgusa mkulima. Mwaka 2020 kundi la Ward lilieleza kuwa mchemraba wao ulisaidia kuvunja diklorvosi, dawa ya wadudu inayojulikana pia kama DDVP. Walishangaa kukuta kazi kubwa ilifanyika kwenye uso wa nje wa kizimba, mahali ioni za haidroksidi zilipojikusanya, wala si ndani.

Kwa hiyo sayansi hii bado inajifunza. Vizimba hivi viko maabara, havijafika dukani wala shambani. Dawa iliyobaki kwenye chupa yako bado ni sumu: ihifadhi mbali na watoto, na usiimwage mtoni wala karibu na kisima.