Elfu mbili za Inua Jamii na kijana mwenye usonji Takawiri

Jamaa wa Takawiri, Mfangano na Mbita wakituandikia sisi tulioko Uingereza, swali hurudi lile lile: kijana ana usonji, shule imekwisha, miaka 18 imetimia, serikali inampa nini? Wamesikia kwamba huku vijana kama yeye hulipwa.

Ni kweli, hulipwa. Akifikisha miaka 16, posho ya utotoni hukoma na hutakiwa kuomba nyingine iitwayo PIP. Hiyo haijali mshahara wa baba wala wa mama. Inachouliza ni kiasi gani cha msaada anachohitaji ili apike, aoge, atoke nje na ashike pesa zake. Cheti cha daktari chenye neno usonji hakitoshi peke yake. Tulikumbuke hilo, maana Kenya nako cheti pekee hakitoshi.

Kenya haina posho ya usonji, wala ya kijana anayeacha shule. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu, na msaada wenyewe hupitia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa pesa kaya maskini. Fungu la yatima lilianza 2004. La watu wenye ulemavu mkubwa lilianza 2011, na ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Ukisoma masharti ya fungu hili la pili utaona kwamba aliyefikiriwa zaidi ni mlezi: mama ambaye haendi sokoni wala ziwani kwa kuwa hawezi kumwacha mwanawe. Ndiyo maana kaya lazima iwe maskini sana na isiwe inapokea fungu jingine la Inua Jamii.

Kwenye hitaji hilo la mlezi ndipo vijana wengi wenye usonji hukwama. Kijana wa Takawiri anakula mwenyewe, anavaa mwenyewe, anabeba kuni, anaanika omena. Wanaoandikisha kaya wakiuliza kama anajiweza, familia hujibu ndiyo, tena kwa fahari, na jina halifiki kwenye orodha.

Lakini masharti hayataji kulishwa na kupelekwa chooni tu. Yanamtaja pia mtu anayehitaji kulindwa daima dhidi ya hatari, iwe inatoka kwake mwenyewe, kwa watu wengine au katika mazingira anamoishi. Takawiri ni kisiwa. Kijana anayetoka nyumbani usiku bila kusema, asiyeitika akiitwa, anayepanda boti yoyote iliyo ufuoni, anahitaji mtu macho juu yake mchana na usiku. Hilo ndilo la kuelezwa mbele ya chifu na barazani, pamoja na mfano: alipotea lini, nani alimtafuta, mlezi aliacha kazi gani. Kusema tu kwamba ana usonji hakumsaidii afisa ambaye huenda hajawahi kukutana na hali hiyo.

Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni jambo jingine, na watu huichanganya na Inua Jamii. Kadi haileti pesa kila mwezi. Hutolewa baada ya tathmini ya madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa, na humfungulia mtu mlango wa karo, vifaa vya kazi na msamaha wa kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Msamaha huo ni mzuri kwa mwenye mshahara! Sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyotiwa saini Mei 2025, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awatengee asilimia 5 ya nafasi. Visiwani, ambako kazi ni nyavu na omena, sijui ni mwajiri gani atakayeguswa.

Jambo la mwisho ni wakati. Inua Jamii haisajili watu kila siku. Usajili hufunguliwa kwa awamu, na tangu mwanzo nafasi ziligawanywa kwa maeneo bunge. Ukifunguliwa ndipo familia ianze kutafuta kitambulisho na tathmini, imechelewa. Kwa hiyo ndugu wa huku anayetaka kusaidia atume sasa nauli ya boti hadi Mbita, na ya gari hadi Homa Bay ikihitajika, kwa watu wawili: kijana na mlezi wake.