Konokono Mpima Sumu ya Bahari

Maji ya bahari yaliyotekwa katika chupa hueleza hali ya saa ile tu yalipotekwa. Sumu iliyopita usiku, maji yalipokuwa yakipwa, haimo tena. Kwa sababu hiyo wataalamu humchunguza pia mnyama asiyehama, ambaye maji yote hayo yamempitia. Nchini Marekani mpango wa kupima sumu katika nyama ya kome na chaza ulianza mwaka 1976.

Lakini ushahidi wa ajabu zaidi ulitolewa na konokono mdogo wa miambani, Nucella lapillus, huko Plymouth, Uingereza. Mwaka 1970 S. J. M. Blaber alitangaza kwamba baadhi ya majike wa konokono huyo walikuwa wameota kiungo cha kiume. Sababu ilijulikana baadaye: ni TBT, kemikali yenye madini ya bati, iliyotiwa katika rangi ya kupakia chini ya vyombo ili mwani na wanyama wa magamba wasigande. Mabaharia wa Afrika Mashariki walikinga majahazi yao kwa deheni ya chokaa na shahamu.

Mwaka 1986 G. W. Bryan, P. E. Gibbs na wenzao walieleza jinsi konokono hao walivyopungua. Nanogramu chache tu za bati hiyo katika lita moja ya maji zatosha kumfanya jike tasa. Na nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni. Mrija wa kiume huota na kuziba njia ya uzazi, mayai hujazana ndani, na huenda jike akafa. Kipimo hakihitaji mashine ya thamani: gamba hupasuliwa kwa jiliwa, kiungo hupimwa chini ya hadubini, kisha majike hulinganishwa na madume.

Watoto wa konokono huyu hawaelei baharini. Hutoka katika mayai yaliyogandishwa mwambani, wakitambaa. Basi hali yake ni habari ya mwamba ule ule. Sifa hiyo ndiyo pia inayomponza, kwani alipokwisha si rahisi mkondo kumleta mwingine.

Ufaransa, ambako chaza wa Arcachon walivimba magamba na kushindwa kuzaana, ilipiga marufuku rangi hiyo mwaka 1982 kwa vyombo vifupi kuliko meta 25. Uingereza ilifuata mwaka 1987. Meli kubwa ziliendelea kuitumia mpaka mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 ulipoanza kutumika mwaka 2008. Katika sehemu nyingi za pwani ya Uingereza konokono wamerudi, ila polepole.