Kompyuta ya duka inajizima mchana? Angalia kipoozeo cha prosesa kabla hujanunua mashine nyingine

Ndugu mfanyabiashara, somo la leo ni lako wewe mwenye stesheneri, mwenye kibanda cha kurusha miziki na muvi, mwenye studio ya picha, na yeyote ambaye kompyuta ya mezani ndiyo inamlisha.

Kama asubuhi mashine inakimbia vizuri, ikifika saa nane mchana inaanza kujikokota, feni inapiga kelele, halafu inajizima mteja akiwa amesimama mbele yako, soma mpaka mwisho. Mara nyingi mashine haijafa. Prosesa inazidiwa na joto.

Mimi nina stesheneri, na pia nawafungulia kompyuta majirani zangu wa biashara. Ninachokiona ni watu kutoa hela ya mashine nzima wakati kinachohitajika ni kusafisha au kubadilisha kipoozeo, yaani ile feni na bonge la chuma lililokaa juu ya prosesa.

Na hasara yake si ya mchezo. Chukua msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Kijana amekaa nusu saa anajaza fomu, vyeti umeshaskani, mashine inazima. Anaanza upya. Ikizima tena anahamia kwa jirani, na harudi hata siku anayotaka kopi moja. Tuseme duka linaingiza shilingi 40,000 kwa siku. Mashine ikilala kwa fundi siku tatu, hiyo ni 120,000 imepotea, kodi ya fremu ikiendelea kuhesabika.

KWA NINI INASUMBUA MCHANA

Iko hivi. Umeme unaoingia kwenye prosesa karibu wote unageuka joto. Juu yake kuna bonge la alumini, wakati mwingine na mirija ya shaba, lenye mapezi kama rejeta ya gari. Feni inapuliza hewa kwenye mapezi hayo. Kati ya prosesa na bonge hilo kuna pesti, inayojaza vinafasi vidogo ambavyo macho hayavioni ili joto lipande juu vizuri.

Sasa basi, feni ya kawaida haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Kama mashine yako inakaa nyuzi 50 juu ya hewa ya chumba, asubuhi hewa ikiwa 24 prosesa inasoma 74. Mchana chini ya bati hewa ikifika 36, inasoma 86. Ongeza vumbi la barabarani na pesti iliyokauka, unagonga 100. Prosesa nyingi za Intel za mezani zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguzia kasi zenyewe, na joto likizidi mashine inazima ili isiungue.

KABLA HUJATOA HELA: PIMA, SAFISHA

Pakua HWMonitor au Core Temp, zote zipo za bure. Iache mashine itulie, angalia nyuzi. Kisha ipe kazi ya kawaida ya duka kwa dakika 20, printi, skani, fungua intaneti, halafu angalia tena. Ikicheza kwenye 90 na kupanda, joto ndilo tatizo. Ikiwa 55 na bado inazima, usinunue kipoozeo, peleka ikaguliwe pawa saplai na memori.

Ikiwa ni joto, anza na usafi. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kesi, ndipo ufungue. Puliza vumbi kwa bloa huku umeshika panga za feni kwa kidole zisizunguke. Brashi laini ya rangi inasaidia kwenye mapezi. Wengine wanaishia hapo na mashine inapona bila kununua kitu.

Jirani yangu mmoja ana stesheneri karibu na shule. Aliambiwa bodi imekufa, akawa ameshatenga hela ya mashine nyingine, na hela yenyewe ilikuwa ada ya mtoto. Akaja kwangu: "Kaka, nitazamie tu kabla sijalipa." Nikamuuliza, "Dada, inazima ukiwasha tu au baada ya muda?" Akasema, "Ikishakaa kama robo saa, nikianza kuprinti." Bodi iliyokufa mara nyingi haikusubiri robo saa. Nikapima, nyuzi 97 bila kazi yoyote nzito. Kufungua, mguu mmoja wa kipoozeo umeng'oka, kimekaa upande, pesti imekuwa kama chokaa. Tulinunua kipoozeo na pesti, ikashuka mpaka sitini na kitu. Ada ikaenda shule.

UKIENDA KUNUNUA: MASWALI MANNE

Usiende dukani ukasema "nataka feni ya kompyuta." Utapewa yoyote. Nenda na majibu haya.

1. Soketi yako ni ipi? Pakua CPU-Z, itakuonyesha jina la prosesa na soketi. Mashine za mtumba tunazotumia wengi ni i5 kizazi cha 3 (LGA 1155), cha 4 (LGA 1150) au cha 6 (LGA 1151). Habari njema ni kwamba soketi za Intel 1155, 1150, 1151 na 1200 zina matundu yenye nafasi sawa, milimita 75, hivyo kipoozeo kimoja kinaweza kufaa zote. LGA 775 ya zamani ni milimita 72, na LGA 1700 ya kuanzia kizazi cha 12 ni 78. Hizo mbili zinataka vishikio vyake. AMD nao wana AM4 na AM5, vishikio tofauti kabisa na vya Intel.

2. Prosesa inatoa joto la wati ngapi? i5-6500 imeandikwa wati 65, i5-3470 ni 77, i5-4570 ni 84. Nunua kipoozeo chenye uwezo wa juu kidogo kuliko namba hiyo, maana fremu zetu zina joto. Kwa hizi za kati, kipoozeo cha hewa cha kawaida kinatosha. Kuwa makini na prosesa mpya: i5-12400 imeandikwa wati 65 lakini ikisukumwa inafika 117, na i7-12700 inafika 180. Kama unahariri video mchana kutwa, soma ile namba ya juu.

3. Kesi ina nafasi kiasi gani? Fungua ubavu, pima kwa rula kutoka usawa wa prosesa mpaka mfuniko unapofunga. Cooler Master Hyper 212 EVO, kwa mfano, ina urefu wa milimita 159. Kwenye kesi nyembamba za ofisi haiingii hata kidogo. Angalia pia isigonge memori.

4. Plagi na matundu ya bodi yakoje? Hapa ndipo hela inapopotea. Baadhi ya Dell OptiPlex na HP za ofisi zina kipoozeo kinachofungwa kwa skrubu za mpangilio wake, na plagi ya feni isiyofanana na ya kawaida. Ukiweka feni ya dukani, mashine inaweza kukuletea onyo la feni kila ukiwasha. Kwa hizo, tafuta kipoozeo kilichotoka kwenye mashine ya modeli ile ile. Nenda nacho kile cha zamani mkononi, linganisha palepale kaunta. Bodi za kawaida zina pini nne zilizoandikwa CPU_FAN.

Vipi kile cha maji? Kinavutia macho, na kwa mtu mwenye prosesa kubwa ya kuhariri video kina kazi yake. Ila kina pampu, na pampu ikifa maji hayazunguki, joto linapanda ghafla. Cha hewa kina feni tu, na feni ikifa unanunua nyingine, maisha yanaendelea. Kwa stesheneri mimi nasema hewa.

KUFUNGA, HATUA KWA HATUA

Ya kwanza. Iwashe mashine dakika kumi ili pesti ya zamani ilainike, kisha zima na chomoa umeme kama nilivyosema. Chomoa plagi ya feni. Kipoozeo cha Intel chenye miguu minne ya plastiki, zungusha vichwa kufuata mshale, kisha vuta juu. Kwa AMD ya AM4, usivute moja kwa moja. Kizungushe taratibu kushoto na kulia mpaka kiachie, maana prosesa inaweza kung'oka nacho na pini zikapinda.

Ya pili. Futa pesti ya zamani yote, juu ya prosesa na chini ya kipoozeo kama utakitumia tena. Tumia kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya aisopropili, mafundi simu wanayo. Usitumie maji, mafuta ya taa wala pafyumu.

Ya tatu. Geuza kipoozeo kipya uangalie chini. Kikiwa na kinailoni, bandua. Kikiwa na pesti tayari, usiongeze nyingine. Kama hakina, weka tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati ya prosesa, basi. Pesti nyingi haipozi zaidi, inamwagikia bodi tu.

Ya nne. Shusha kipoozeo wima, usikiburute. Kama ni cha miguu, hakikisha vichwa vimezungushwa kinyume na mshale mpaka mwisho, kisha bonyeza kwa mshazari, kona hii halafu kona inayotazamana nayo, mpaka kila mmoja ulie "tak". Kama ni cha skrubu, kaza kidogo kidogo kwa mshazari vilevile. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, kinakaa kichwa upande na joto halipandi sawasawa. Halafu tazama nyuma ya bodi kama miguu yote minne imetokeza.

Ya tano. Rudisha plagi kwenye CPU_FAN, funga waya zisiguse panga. Kipoozeo kirefu cha mnara, feni ipulize kuelekea nyuma ya kesi, hewa ya moto itoke.

Ya sita. Washa kabla hujafunga mfuniko. Hakikisha feni inazunguka. Ingia kwenye HWMonitor, ipe kazi zile zile za dakika 20. Kwa hali ya hewa yetu, mimi naridhika ikikaa chini ya nyuzi 80 kwenye kazi. Ikipanda haraka kupita hapo, zima, ondoa, angalia kama kimekaa sawa.

KUITUNZA

Toa kesi sakafuni, vumbi na maji ya kudeki vyote viko huko. Acha nafasi ya kiganja nyuma yake, usiibane ukutani wala kuifunika kitambaa. Ipulize vumbi kila baada ya miezi miwili au mitatu, na kama duka lako liko kando ya barabara ya vumbi, kila mwezi. Ukihama fremu na mashine ina kipoozeo kirefu, isafirishe kwenye bajaji au gari imelazwa, bodi ikiwa chini na kipoozeo kikitazama juu. Kwenye bodaboda ikiwa imesimama, kila shimo la barabara linakivuta kile chuma na bodi inaumia.

Na andika tarehe ya kubadilisha pesti kwenye karatasi, ibandike ndani ya mfuniko. Fundi atakayefungua baadaye atajua aanzie wapi, nawe hutauziwa kazi ambayo imeshafanyika.

Kama mashine yako inasumbua, andika hapa chini modeli, jina la prosesa na nyuzi ulizosoma ikiwa na kazi. Nitakujibu, na wenzako wenye mashine kama yako watafaidika pia. Mtumie na mwenye stesheneri unayemjua, hasa aliyeanza kuulizia bei ya kompyuta nyingine. Biashara njema.