Wasaidiwa Kufa au Wanyimwa Kuishi?

Jioni moja barazani hapa Tarasaa yalizuka maneno juu ya Kanada, ambako tangu mwaka 2016 sheria yamruhusu daktari kumsaidia mgonjwa kufa, mgonjwa akiomba mwenyewe. Vijana walisema hiyo ndiyo huruma. Mzee mmoja kiwete akawakata kauli.

"Mwaka 2023 mafuriko yalipokuja, wanangu, nilibebwa mgongoni kama gunia la mpunga nikatiwa mtumbwini. Hakuna aliyeniuliza kama bado nataka kuishi. Hao wa Kanada huulizwa na nani?"

Swali hilo, msomaji, waliuliza walemavu wa Kanada wenyewe. Hapo mwanzo sheria ilimhusu mtu ambaye kifo chake kimekwisha karibia. Mwaka 2021 ikapanuliwa, ikamfikia mwenye maradhi mazito au ulemavu hata kama kifo chake kiko mbali. Vyama vyao vikaenda mahakamani mwaka 2024. Malalamiko yao ni kwamba mlemavu maskini, aliyekosa nyumba ya kumfaa na mtu wa kumuuguza, huona mlango wa mauti ndio pekee ulio wazi. Machi 2025 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu ikaitaka Kanada ifute sehemu hiyo.

Mtu mweusi naye ana lake. Kule Tuskegee, Marekani, toka 1932 hadi 1972, wakuu wa afya wa serikali waliwaacha wanaume weusi wapatao 400 waliwe na kaswende, wakiwachunguza tu, ingawa penisilini ilikuwa imekwisha patikana. Watu wa namna hiyo wakiambiwa leo kuwa daktari atawafisha kwa kuwahurumia, ni nani atakayewalaumu wakisita?

Mimi sina ugomvi na mgonjwa aliyechoshwa na maumivu. Ugomvi wangu ni na neno "hiari" linapotajwa kwa wepesi.

Kwetu Kenya, kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai. Katiba ya 2010 inalinda uhai katika kifungu cha 26, na katika kifungu cha 43 inaahidi kila mtu afya ya kiwango cha juu kadiri iwezekanavyo. Ahadi nzuri, lakini Mto Tana ukifurika, kama mwaka 1997 na tena 2023, mwenye miguu miwili huhangaika kufika hospitali ya Ngao, sembuse wa kubebwa. Siku mswada kama wa Kanada utakapoletwa Nairobi, na waanze kumuuliza huyo.