Kivuli Kisicho na Mwenyewe

Mtu akaaye Moshi mjini, akitoka nje baada ya sala ya alfajiri siku isiyo na mawingu, huuona mlima wote: Kibo na weupe wake upande wa magharibi, na Mawenzi iliyochongoka upande wa mashariki. Jua likipanda kidogo, mawingu huja yakaufunika, na mgeni aliyechelewa kuamka huweza kuondoka mjini bila ya kuuona. Ndiyo desturi ya mlima huu tangu zamani. Walakini siku hizi mgeni huyo hana haja ya kungoja. Huandika katika simu yake maneno machache, "Kilimanjaro, alfajiri, ndovu wapita," na kabla chai yake haijapoa huletewa filamu fupi yenye theluji, ndovu na vumbi, ambayo hapana kamera iliyoipiga wala jicho lililoiona.

Kazi hiyo hufanywa na mashine ziitwazo akili mnemba. Wengine husema akili unde. Februari 2024 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitangaza mashine yake iitwayo Sora, igeuzayo maneno kuwa filamu, na nyingine za jinsi hiyo zimefuata. Vijana wetu wazijua kuliko sisi wazee wao. Lakini kujua kuitumia mashine si kujua ilivyo, na yafaa tueleze kidogo.

Mashine hufundishwa kwa kuonyeshwa mamilioni ya picha pamoja na maneno ya kuzieleza. Kila picha huvurugwa kwa chembechembe, mfano wa televisheni iliyopoteza mawimbi, na mashine hufundishwa kuziondoa chembe hizo hatua kwa hatua mpaka picha irudi. Ikisha kuhitimu, hupewa vurugu tupu, isiyo na picha yoyote ndani yake, pamoja na maneno yako. Nayo huisafisha vurugu ile mpaka kutokee kitu kifananacho na yale iliyoyaona darasani. Kwa hiyo huelekea kutoa kile ilichokiona mara nyingi. Na picha za Kilimanjaro zilizo mashuhuri ulimwenguni ni zile zipigwazo upande wa Amboseli, nchini Kenya: nyika, ndovu, na theluji nyuma. Kihamba cha Marangu au Machame, kahawa chini ya migomba, mfongo wa maji upitao uani, hayo si mengi katika darasa lake. Ndiyo maana mtu wa Kibosho akiiomba mashine mlima wake, huenda akapewa mlima wa mtalii.

Wako wasemao kwamba hapana jipya hapa, kwani senema tangu mwanzo wake ni kiini macho. Ni kweli, nasi hatuwakatalii. Mwaka 1902 Mfaransa Georges Méliès aliwapeleka watu mwezini kwa mbao na rangi. Mwaka 1952 Henry King alitoa The Snows of Kilimanjaro, kutokana na hadithi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936, na mwigizaji wake mkubwa akiwa Gregory Peck. Jina la filamu ni la mlima wetu, lakini sehemu kubwa ilichezwa ndani ya studio Hollywood. Miaka kumi baadaye, katika Hatari! ya mwaka 1962, Howard Hawks alikuja mwenyewe Tanganyika na John Wayne, wakapiga filamu kandokando ya Arusha. Faru waliomo mle ni faru wa kweli, na vumbi ni vumbi letu.

Kisha ikaja kompyuta. The Lion King ya mwaka 1994 ilichorwa na wachoraji, na wasomaji wanajua ilivyojaa maneno yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, na hakuna matata, ambayo kampuni ya Disney iliyaandikisha Marekani kuwa alama yake ya biashara, kana kwamba hayakuwamo vinywani mwetu kabla yake. Filamu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2019 na Jon Favreau, ilifanywa yote ndani ya kompyuta isipokuwa picha moja, ile ya jua lichomozalo mwanzoni. Hiyo peke yake ilipigwa kwa kamera. Na hapo ndipo tutakapo msomaji atue kidogo. Simba yule hakuwahi kuishi, lakini kila unywele wake ulikuwa na mtu aliyeufikiria. Mafundi wa kampuni ya MPC walitazama simba wa kweli anavyoweka mguu, na namna ngozi inavyokunjika begani; wakajaribu, wakafuta, wakajaribu tena. Kompyuta ilikuwa patasi mikononi mwao. Mwulize fundi kwa nini kivuli kimelala huku wala si kule, atakupa sababu yake. Mashine mpya ukiiuliza, haina sababu ya kukupa ila kwamba picha nyingine zilikuwa hivyo.

Kwa hiyo ubunifu haukupotea kwa kuingia kompyuta, wala hautapotea kwa kuingia akili mnemba, madhali yuko mtu achaguaye na kukataa. Mahakama ya rufaa ya Washington iliamua Machi 2025 kwamba kazi iliyofanywa na mashine peke yake haipati hakimiliki kwa sheria ya Marekani, kwa kuwa haina mtunzi mwanadamu. Na Juni mwaka huo huo Disney yenyewe, pamoja na Universal, iliishtaki kampuni ya Midjourney kwa kudai kwamba mashine yake yanakili watu wa filamu zao. Aliyeyaandikisha maneno ya wenziwe amejua uchungu wa kuchukuliwa chake.

Riziki za watu nazo zimo hatarini. Mwaka 2023 waandishi wa senema wa Marekani waligoma tangu Mei hata Septemba, na waigizaji tangu Julai hata Novemba, na moja katika madai yao lilikuwa kwamba sura na sauti ya mtu zisiigwe na mashine bila ya idhini yake na malipo. Hapa kwetu jambo hilo lina umbo jingine. Mwaka 2002 ilipotolewa filamu ya David Breashears, Kilimanjaro: To the Roof of Africa, kamera zake nzito zilipanda mlimani migongoni na vichwani mwa wapagazi, hao ambao sisi huwaita wagumu. Vivyo hivyo kila kundi la wapiga filamu lijapo huhitaji wapishi, viongozi wa njia na wabeba mizigo kutoka vijiji hivi. Filamu itokayo katika simu haimtumi mtu kwenda lango la Marangu.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, hasara kubwa iko penginepo. Picha za kamera zilipoenea katika nchi za Kiislamu, masheikh walihitilafiana juu ya hukumu yake. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hata 1920, alitoa hoja iliyokuja kuwa mashuhuri: kwamba mwenye kamera haumbi wala haigi, bali hukizuia kivuli cha kitu kilichokwisha kuumbwa, kama kioo kizuiavyo sura ya mwenye kujitazama. Wengine hawakumkubalia, na si kazi ya ukurasa huu kuhukumu baina yao. Lakini tazameni hoja ile ilivyo na nguvu mpya leo. Kivuli kina mwenyewe. Penye picha ya kamera palisimama kitu, na mwanga ukakipiga. Picha ya akili mnemba ni kivuli kisicho na mwenyewe, hapana aliyesimama. Masheikh wetu wa leo wana suala la kulitazama hapa, nasi tungependa kusoma majibu yao.

Kwa watu wa Kilimanjaro suala hili si la vitabuni tu. Mwaka 1912 Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler waliupima mlima kwa kupiga picha, na kutokana na picha hizo ikachorwa ramani. Wataalamu walipolinganisha barafu ya mwaka huo na ile ya 2007, waliona kwamba sehemu 85 katika mia zimekwisha toweka. Wangejuaje kama picha zile za kale zisingekuwa kivuli cha kweli? Leo mtu aweza kutengeneza Kibo iliyojaa barafu mpaka Shira na kuandika chini yake mwaka huu. Mwingine aweza kutengeneza Kibo tupu kama jiwe. Wote wawili watasadikiwa na asiyekaa Moshi.

Yako pia mambo ya watu. Usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kileleni. Tena, Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889, alikuwa katika msafara wake mtu wa Pangani, Mwini Amani, aliyekaa katika kambi ya juu. Mtu akiitaka leo mashine impe sura ya Mwini Amani, atapewa mara moja: kofia, ndevu, macho yenye hekima. Haitakuwa sura yake. Lakini ikisha kuwekwa katika kitabu cha watoto, nani ataiondoa?

Tangu Agosti 2022 iko intaneti mlimani, pale Horombo, mita 3,720 juu ya bahari, na mgumu mwenye simu aweza kupeleka picha nyumbani kabla hajatua mzigo. Picha kama hizo zawekwe. Vijana walio na simu nzuri, wa Moshi, Rombo na Hai, wangeweza kuupiga mlima kutoka mahali pamoja, uani kwao, Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, na kuandika siku, saa, mahali na jina la mpigaji. Na atakaye kutumia akili mnemba katika filamu yake ya arusi au ya mchezo, aandike mwanzoni kwamba ametumia. Picha za zamani zilizomo kabatini mwa mabibi zetu, zile zenye mlima nyuma ya watu, ziulizwe majina leo, maadamu wapo wa kuyataja.