Mchanga wa Kwale uliondoka ghafi: kazi iliyobaki ni hii

Shehena ya kwanza ya madini ya Kwale iliondoka Likoni Februari 2014. Uchimbaji wa Base Titanium ukakoma Desemba 2024. Sehemu kubwa ya kilichopakiwa melini ilikuwa ilmenaiti, mchanga mweusi wenye titani, chuma na oksijeni. Uliuzwa ghafi, kuvitenganisha ilikuwa kazi ya wengine.

Kazi yenyewe si uchawi. Ilmenaiti safi ina takriban asilimia 53 ya oksidi ya titani, ile inayotengeneza rangi nyeupe. Iliyobaki ni chuma kilichoshikana na oksijeni, mfano wa kutu. Lengo ni kukitoa hicho chuma.

Kiwanda cha Tyssedal, Norway, hufanya hivi: ilmenaiti husagwa, huchanganywa na maji na udongo wa kugandisha, kisha huviringishwa hadi kuwa vidonge kama gololi. Vidonge hukaushwa na kuchomwa vikawa vigumu. Bila hivyo, unga ungepeperushwa na gesi au kuganda ukutani mwa tanuri.

Halafu vidonge huingia kwenye tanuri refu linalozunguka, pamoja na makaa ya mawe, kwenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Kaboni ya makaa huinyang'anya oksidi ya chuma oksijeni yake. Titani haiachii yake kirahisi, kwa hivyo hubaki oksidi.

Mwisho ni tanuri la umeme, lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,600. Chuma huyeyuka na kuzama chini. Juu huelea mavi ya chuma, na hapo ndipo penye mali: oksidi ya titani hufika asilimia 80 au zaidi. Kwa sababu makaa yamekwisha fanya sehemu ya kazi, umeme unaotumika hupungua.

Hupungua, lakini hauishi. Tanuri hilo lataka umeme mwingi, usiokatika, na bei inayobebeka. Hapo ndipo tulipokwama.

Kwa nini litushughulishe? Sheria ya Madini ya 2016 inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha, na kaunti asilimia 20. Mrabaha hukatwa kwenye thamani ya mauzo. Mchanga ghafi ukiuzwa rahisi, fungu letu nalo huwa dogo.

Mchanga wa aina hii uko pia Mambrui, Kilifi. Siku mwekezaji akija barazani, tusiulize fidia ya mashamba peke yake. Tumuulize: tanuri litajengwa wapi, na umeme utatoka wapi?