Picha za Kale za Bwana Yesu: Jinsi ya Kuzitambua na Kuzitunza

Katika nyumba za waalimu na vyumba vya makanisa zimesalia picha za kale za Bwana Yesu, zilizochapwa kwa rangi. Wako wanaozikusanya, na wako wanaozichoma wakiona zimechakaa. Twataka kueleza namna ya kuzitambua, na kwa nini zastahili kuwekwa.

Kwanza, neno lenyewe. Katika Kiswahili cha zamani sanamu ilikuwa picha ya karatasi, na pia umbo la mti au jiwe, hata lile la kuabudiwa. Neno picha, lililotoka katika Kiingereza, limezitenga maana hizi. Basi mkusanyaji na aseme picha, watu wasije wakamdhania vingine.

Pili, mwaka wa kuchora si mwaka wa kuchapa. Mwingereza Holman Hunt alichora picha ya Bwana akibisha mlangoni kati ya 1851 na 1853, akifuata Ufunuo 3:20. Mlango huo hauna kishikio upande wa nje. Warner Sallman wa Chicago alichora kichwa cha Bwana kwa makaa mwaka 1924, kisha kwa rangi za mafuta mwaka 1940. Picha hizi zimechapwa tena na tena. Hata mwaka uliopigwa chapa pembeni huenda ukawa ni wa haki ya kuchapa, wala si wa nakala uliyo nayo.

Tatu, yatazamwe madoa ya rangi. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann wa Ufaransa alipewa hati ya kulinda ufundi wake wa kuchapa rangi kwa mawe, kila rangi na jiwe lake. Ukiitazama kazi ya namna hiyo kwa kioo cha kukuzia, mara nyingi utaona vitone visivyolingana, vilivyotiwa kwa mkono. Nakala za baadaye, zilizofanywa kwa kamera, zina vitone vilivyopangwa safu safu.

Katika kuzitunza, picha isiwekwe juani wala penye unyevu. Isibandikwe kwa gundi. Kingo zake zisikatwe, maana huko ndiko lilipo jina la mchapaji. Wala maandishi ya nyuma yasifutwe.

Tena liko neno lililo kubwa kuliko hayo. Injili zote nne hazielezi sura ya Bwana ilivyokuwa. Hunt na Sallman walionyesha jinsi watu wa nchi zao walivyomwaza. Mtoto asiyeambiwa hivyo huenda akaamini kwamba huo ndio uso wake hasa, na kwamba nyuso za jamaa zake mwenyewe ziko mbali naye. Mwalimu hana budi kumfunulia jambo hili.

Basi, picha ya kale ni ushahidi wa waliochora, waliochapa na walioitundika. Kwa sababu hiyo yafaa kuandika katika daftari imetoka wapi, ilitundikwa wapi, na nani aliyeitoa. Ikikosa habari hizo, yaweza kuwa nzuri machoni, lakini ni shahidi aliye bubu.